Kiwavi wa Juu ya Kibanda cha Tatu

Kibanda cha pili, mlimani
3 Februari

Mjomba shikamoo,

Salamu ninazokuletea ni nyingi, zingewekwa kwenye mizani ya wapagazi ningeambiwa nipunguze mzigo. Huku tu wazima. Mama anashona na kulalamika, analalamika na kushona, na cherehani imemzoea. Ameniambia nikuulize kwa nini Desemba hukuja likizo. Nikamwambia mjomba ana wadudu elfu ishirini waliokufa, lazima awalinde wasitoroke. Hakucheka. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akisema "shikamoo" anapiga na mluzi.

Mimi usiniulize. Mpagazi kama mimi mlima huu haujampata. Sijisifu, mabega ndiyo yanayosema. Wenzangu wakibeba kilo ishirini wanatembea kimya kama wako msibani. Mimi nabeba ishirini hizo hizo na njia nzima napiga hadithi.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita tulipandisha wageni tisa. Juu ya kibanda cha tatu, pale miti inapokwisha yakabaki mawe na vichaka vya majani ya kijivu, nikakutana na kiwavi. Mjomba, sisemi kiwavi wa kula mchicha. Huyu alikuwa amevaa! Mwili rangi ya moshi, mgongoni vishungi vinne vya manyoya meupe vimesimama sawasawa kama mswaki mpya, kichwani shungi mbili nyeusi zimechomoza kama pembe, mkiani moja. Miguu arobaini na kitu. Nikamweka kwenye mkono wa koti, nikaenda kumringia mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, mama mwenye fimbo na daftari.

Akasema, "Ajabu! Kijana, huyu anaitwaje?"

Unanijua, mjomba. Mdomo wangu hauna subira ya kungoja kichwa kimalize. Nikasema, "Huyu, mwalimu, ni mchunga-mawingu. Hutokea mara moja kila miaka saba."

Akaandika. Neno kwa neno. Jioni wakati wa chakula akasimama akawasomea wageni wote, na kiongozi wetu mkuu akiwepo. Huyo tunamwita Filimbi kwa sababu filimbi haitoki shingoni, nadhani hata akioga. Filimbi akaniangalia, akasema, "Miaka ishirini na sita napanda mlima huu. Sijawahi kumsikia mchunga-mawingu."

Nikamjibu, "Labda hakuna aliyewahi kukuuliza, mzee."

Watu walicheka mpaka sahani zikatikisika. Filimbi hakucheka. Kesho yake akaniita kando. Mwalimu anarudi mwanzoni mwa Juni na wanafunzi wake wa zamani, na ameomba kijana wa kiwavi awaeleze. Filimbi akasema siku hiyo nitasimama mbele ya wageni na kiwavi wangu na jina lake, jina linalojulikana kwa wenye kazi hiyo. Nikiweza, navaa koti la kijani la kiongozi. Nikishindwa, nitabeba mizigo mpaka nywele zigeuke mvi, na hilo koti nitaliona mgongoni mwa wengine.

Kwa hiyo mjomba, kazi ni yako. Umekaa na wadudu miaka thelathini. Andika jina tu, mstari mmoja, basi. Nimemfungia kwenye kopo la maziwa, nimelitoboa matundu, nampa kabichi.

Ni mimi mpwa wako, kiongozi mtarajiwa,
Mdomo


Chumba cha wadudu, makumbusho
19 Februari

Mpwa wangu Mdomo,

Marahaba. Nimefurahi kwamba mu wazima. Hapa joto ni kali na vidonge vya kufukuzia nondo vinanipanda kichwani. Mwambie dada yangu Desemba kulikuwa na kazi. Mdogo wako mwambie aendelee kupiga mluzi, meno yakiota atausahau.

Barua yako imenichukua siku mbili. Mwandiko wako ni kama mchwa waliokimbia mvua. Ukiandika tena, andika kwa herufi kubwa, kalamu nyeusi, uache nafasi kati ya mistari. Penseli sitaki kuiona. Mimi si mfamasia.

Jina sikupi. Hakuna kiwavi mwenye miguu arobaini. Wewe hukuhesabu. Ulitazama kidogo, palipobaki ukajaza mwenyewe. Mfungulie kopo, umweke juani, umhesabie miguu. Ya mbele yenye kucha peke yake, ya katikati iliyo minene peke yake, ya mwisho peke yake. Halafu uniambie ulimkuta juu ya nini. Kama ni kabichi, niambie nani aliyekwenda kulima kabichi juu ya kibanda cha tatu. Mtolee hiyo kabichi kabla hajafa kwa njaa mbele ya chakula.

Na hilo la mchunga-mawingu. Nilipoanza kazi hapa nilifundishwa sheria moja kabla ya zote: mtu akisema amekiona kitu ambacho hakukiona, anarudisha funguo na anakwenda kwao siku hiyo hiyo. Pini ya mdudu ikikosewa inachomolewa. Uongo ukishaandikwa kwenye kibandiko, watu watausoma miaka mia.

Mimi mjomba wako.


Kibanda cha pili
4 Machi

MJOMBA SHIKAMOO,

Hizi herufi zinatosha, au nikaandike kwenye ukuta wa ofisi? Karatasi zangu za mwezi mzima zimekwishia kwako. Wapagazi wananiuliza kama naandika barua au bango la duka.

Mama anakusalimu na anauliza tena habari ya Desemba. Ameuliza pia, "Hivi kaka bado anavaa ile miwani iliyofungwa waya?" Nimwambieje? Mdogo wangu jino moja limechungulia.

Miguu ni kumi na sita. Kumi na sita, mjomba! Nilihesabu mara tatu kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Sita ya mbele ina kucha, myembamba kama miba. Halafu minane minene ya katikati inanyonya na kushika, na miwili ya mwisho inabana kama kibanio cha nguo. Ukimgusa anajikunja, anangoja, kisha anainua kichwa kwanza kwa upande mmoja kana kwamba anasikiliza. Hilo nisingelijua kama usingenitukana.

Kabichi aliikataa siku tano. Nilidhani anaringa. Sasa ulitaka kujua nilimkuta juu ya nini, nami nilitaka hilo lipite kimyakimya, lakini wewe ni king'ang'anizi. Kwenye njia hakuwepo. Nilikuwa nimetua mzigo nikaenda nyuma ya jiwe kubwa, kwenye shughuli zangu za siri, zile ambazo mtu hapeleki wageni. Nimechuchumaa hivi, nikainua macho, huyu hapa, kwenye kichaka cha majani ya kijivu, shubiri mbili kutoka puani kwangu. Tulitazamana. Ndivyo tulivyofahamiana, na mwalimu asijue kamwe.

Basi kabla barua yako haijafika nilishapanda tena nikachuma matawi ya kichaka kile kile. Mjomba, alikula mpaka nikasikia. Kweli nilisikia, krr krr krr, kama mama anapokata kitambaa kigumu.

Kwa sababu wewe ni mgumu, nimekuchorea na picha. Imo humu ndani ya bahasha. Nimeichora kwa penseli, usinipigie kelele, kalamu haiwezi kuchora manyoya. Sasa huna pa kukimbilia. Jina, mjomba.

Mdomo, mwenye kuhesabu


Chumba cha wadudu
27 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na unisamehe kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi. Miwani ninayo, mwambie mama yako aache kuniwaza. Hapa wamebadilisha taa, hizi mpya ni hafifu, basi.

Kumi na sita ni sawa. Sasa umeanza kuona. Na habari ya jiwe kubwa ni habari muhimu kuliko zote ulizoniletea, usiionee haya. Nusu ya vitu vilivyomo humu viliokotwa na watu waliokuwa wamechepuka njia kwa sababu kama yako.

Picha yako nimeiona. Umejitahidi, ila vishungi umevifanya vinene mno, hainisaidii sana. Afadhali maneno. Niambie manyoya yake yakoje ukiyapitisha mgongoni mwa mkono, wala usiyapeleke usoni, yanaweza kuwasha. Niambie anakula jani kutoka ukingoni au anatoboa katikati. Niambie kinyesi chake kina umbo gani. Ndiyo, kinyesi. Wewe na yeye mmeshazoeana kwa hilo.

Mjomba wako.


Kibanda cha pili
6 Aprili

MJOMBA,

Shikamoo. Mama mzima, mdogo wangu mzima, mimi mzima. Leo salamu ni fupi.

Anakula kutoka ukingoni. Kinyesi ni kama kipipa kidogo chenye mifereji. Manyoya yalinipa upele wa siku tatu, asante kwa kunionya kwa kuchelewa. Na sasa haonekani tena. Juzi aliacha kula, akazunguka kopo siku nzima kama mtu aliyesahau alichoingia kutafuta, halafu akaanza kujifungia kwenye kifukofuko pembeni. Mjomba, alijinyoa! Yale manyoya aliyojivunia ameyasokota pamoja na uzi, amejijengea nyumba. Vishungi vyote vimekwenda.

Sasa nikueleze kilichotokea Jumatatu. Filimbi alikuwa anatafuta orodha ya mizigo ya mwezi wa tatu, iliyoandikwa kwa penseli. Mimi ndiye niliyeitunza. Tuligeuza ofisi juu chini. Mpishi alipewa mahema na mwenye mahema akapewa mchele, siku nzima wageni wakangoja, nusura walale ndani ya magunia. Mwishoni nikafungua boksi langu la chini ya kitanda, na nini nakiona juu kabisa? Picha ya kiwavi. Ile ile niliyokuchorea.

Ulichopata kwenye bahasha ni orodha ya mizigo, mjomba. Mchele magunia mawili, mafuta ya taa madumu manne, mahema, kamba, sufuria kubwa. Ndivyo vishungi vyangu vilivyokuwa vinene mno?

Nilicheka. Nakwambia ukweli, nilicheka kwanza. Nikasema leo nimempata, huyu wa kurudisha funguo siku hiyo hiyo. Nikaanza kuandika barua ya kukuchamba, ukurasa mzima. Halafu nikazitoa barua zako zote mbili nikaziweka pamoja kitandani. Ya Februari mistari yako imelala kama reli. Ya Machi inateremka, inateremka, neno la mwisho limeanguka nje ya ukingo. Nikakumbuka herufi kubwa. Kalamu nyeusi. Taa hafifu. Desemba.

Nilimsimulia mama. Aliacha kushona. Akasema, "Baba yetu alianza hivyo hivyo. Alilaumu taa miaka miwili."

Ile barua ya kukuchamba niliichana. Hii nimeiandika kwa kalamu nene tunayoandikia magunia. Niambie kama unaisoma.

Mpwa wako


Kibanda cha pili
27 Aprili

MJOMBA SHIKAMOO,

Wiki tatu, hukunijibu. Sawa. Kama ni hasira, umkasirikie mtu huku unamsikiliza, maana nina shida.

Juzi asubuhi kifukofuko kilipasuka. Nilikuwa nimewaita wapagazi wote waje waone, nimewaambia atatoka nondo mwenye mabawa kama mazulia. Mdomo wangu, unaujua. Tukakaa kuzunguka kopo na vikombe vya chai. Akatoka. Mjomba, hana mabawa.

Nakueleza taratibu, uione. Ukubwa wake ni kama pipi ya kufyonza. Umbo ni mfuko, mnene, umejaa, rangi ya majivu yenye njano kidogo ndani yake, kama sufi iliyotoka kwenye mto wa zamani. Miguu ni sita, mizuri. Pale yanapotakiwa mabawa kuna vijikono viwili kila upande, vifupi, vimenyauka, mfano wa shati la mtoto mchanga mikono imekunjwa. Pembe za kichwani fupi, nyembamba, hazina manyoya. Hajaruka, hajatembea. Alipanda juu ya kile kifukofuko chake alichotokea na mpaka leo amekaa hapo hapo. Mwisho wa tumbo anautoa nje, anaurudisha, anautoa, kama mtu anayepumua.

Mwenzangu mmoja akasema, "Huyo mchunga-mawingu atayafikia vipi mawingu?" Wakacheka wakaondoka na chai zao.

Nimemlemaza, mjomba. Ni ile kabichi, siku tano za njaa. Au kopo ni dogo. Mwalimu anakuja tarehe saba Juni, nami nitasimama mbele yake na jina la uongo na nondo kilema. Koti nimeshalisahau. Ila huyu mnyama alikuwa amevaa vizuri hivyo alipokuwa kichakani kwake, na mimi ndiye niliyemtoa.

Barua hii sitaki ipite posta. Dereva wa gari la mahitaji anakuja mjini, nimemwambia aifikishe mkononi mwako, na asiondoke bila jibu.

Mdomo (leo haufai jina lake)


Chumba cha wadudu
1 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Anayeandika hapa ni dereva wenu. Mimi nasema, yeye anaandika. Amenisomea barua yako, nikamwambia airudie pale penye mabawa. Na ile ya kabla yake amenisomea pia, sikuwa nimeimaliza.

(Mimi dereva nasema mzee aliniacha nimesimama nusu saa kabla ya kunipa kiti.)

Andika ninayosema tu.

Mpwa, hukumlemaza mtu. Huyo ni jike, na ni mzima kuliko wewe. Wako nondo ambao majike wao huzaliwa hivyo, bila mabawa, hawaruki maisha yao yote. Anakaa juu ya kifukofuko chake, anatoa harufu ambayo mimi na wewe hatuinusi, na madume wanaruka kutoka mbali kumfuata. Huko kupumua ulikokuona ndiko kuita.

Sasa sikiliza. Kabati la tisa, droo ya nne, tuna nondo wa mlima huo. Kumi na moja, wote madume, kwa sababu madume ndio wanaokuja kwenye taa ya mtu. Jike hatuna. Kiwavi hatuna. Pembeni yao nafasi iko tupu tangu sijaajiriwa. Lipigie kopo hilo magoti! Mtoe, umweke kwenye kichaka kile kile, na kifukofuko chake, umfunike kwa wavu mpana dume aweze kupenya. Ungoje mchana wenye jua. Akija dume wa kahawia, pembe zake kama manyoya ya ndege, na kila bawa la mbele lina doa jeupe mfano wa punje ya mchele, basi tumempata. Jina la kitabuni dereva amelinakili kutoka kwenye kibandiko, liko nyuma ya karatasi hii. Asipokuja huyo, jina hilo si lake, ulichane.

(Mimi dereva: droo aliifungua bila kutazama. Kabati zaidi ya hamsini. Alinyoosha mkono tu.)

Mwandikie na hili. Picha sikuiona. Niliona karatasi yenye kijivujivu nikasema nimeiona. Sasa ni mwaka na nusu. Katikati ya kitu kuna kiwingu, pembeni naona, katikati hapana. Mkubwa wangu hajui. Droo nazijua kwa kichwa, pini nachoma kwa kupapasa, na mtu akinionyesha kitu nasema, "Eh, vizuri." Niliogopa kurudisha funguo. Nilikuandikia sheria ile kwa mkono huu huu, nikijua.

Juni utafanya unavyoona. Ukiwa na jina la kitabuni, Filimbi ataridhika, na hakuna atakayeuliza lile lingine lilitoka wapi. Mimi sina mdomo wa kukufundisha katika hilo.

Mjomba wako.

(Dereva: amekaa dirishani sasa. Ameniuliza kama kichaka hicho kina maua. Nikamwambia sijui, muulize Mdomo.)


Kibanda cha tatu
11 Juni

MJOMBA SHIKAMOO,

Leo salamu zangu ni za kujaza gari lote la mahitaji. Mama anakusalimu, amenipa sweta ya kukupa. Mdogo wangu meno yote yamerudi, mluzi umekwisha, analia kuutaka. Na kichaka kina maua, madogo, ya njano, hayanuki kitu.

Nilimpeleka jike tarehe tano Mei. Nilikaa nyuma ya jiwe langu siku mbili, ukungu mtupu. Siku ya tatu, saa sita mchana, jua likatoka. Nikaanza kuhesabu nikimngoja dume, nikafika kama mia mbili tu. Akaja mmoja kutoka upande wa bondeni, anaruka hovyo kama karatasi ya pipi kwenye upepo, akapita, akarudi, akapita, akarudi. Wakaja wengine wawili. Wa kwanza akapenya wavu. Kahawia. Pembe kama manyoya ya ndege. Punje ya mchele, mjomba! Moja kila bawa, kana kwamba mtu kaidondosha wakati wa kula. Nilipiga kelele mpaka wageni wa kikundi kingine walidhani kuna aliyeanguka.

Baadaye alitaga juu ya kifukofuko, mayai mamia, kama ushanga mweupe. Kisha akafa, hapo hapo, hajasogea hata shubiri. Huyo na dume mmoja niliyemkuta amekufa chini ya wavu nimekuletea, wamo kwenye kiboksi cha kiberiti, pamba chini pamba juu. Mayai nimeyaacha kwenye kichaka chao.

Sasa tarehe saba. Mwalimu alikuja na wanafunzi wake kumi na wawili, wote watu wazima wenye vitambi, na bado anawaambia wakae sawa. Wapagazi walishanifundisha. "Sema jina la kitabuni, halafu sema mchunga-mawingu ni jina letu la huku huku. Nani atabisha?" Hata mimi niliona ni sawa. Nililala nalo wiki nzima likiwa sawa.

Filimbi akasema, "Haya. Tuambie."

Nikaeleza yote. Kichaka, miguu kumi na sita, kujinyoa, jike asiye na mabawa, madume watatu. Jina la kitabuni nililisema bila kukwama, nililifanyia mazoezi na mzigo kichwani. Wakapiga makofi. Mwalimu akafungua daftari lake, akasema, "Kwa hiyo ndiye yule mchunga-mawingu."

Pale pale, mjomba, nilikuona umekaa dirishani unasema "Eh, vizuri."

Nikasema, "Mwalimu, jina lile nililitunga. Na ile miaka saba niliitunga pia. Sikuwa najua chochote."

Mwalimu akasoma ukurasa wake. Akauliza, "Na miguu kumi na sita?"

"Hiyo niliihesabu."

Akakata mstari mmoja, akaandika mwingine. Filimbi akaniambia, "Kwa hiyo ulinidanganya mbele ya wageni wangu." Nikasema ndiyo, mzee. "Na leo ungeweza kunyamaza." Nikasema ndiyo, mzee. Akaishika filimbi yake akaigeuzageuza. "Koti hulipati. Msimu huu utabeba." Nikaangalia viatu vyangu. Halafu akasema, "Lakini kesho utabeba ukiwa mbele, na mwalimu. Akiuliza, umjibu."

Basi nimepanda mlima mzima na kilo ishirini mgongoni, mwalimu ubavuni ananiuliza kila kichaka, kila ndege, kila jiwe. Nimesema "sijui" mara kumi na moja. Ameziandika zote. Ananiambia mwakani atakuja kuzipunguza.

Mimi nimemaliza zamu yangu, mjomba. Funguo unazo wewe.

Mdomo


Chumba cha wadudu
25 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeandika hii mwenyewe, nimewekewa kadi yenye mwanya nifuate mstari. Ikipinda, ipindishe na wewe karatasi.

Nilikwenda kwa mkubwa siku ya pili baada ya barua yako. Nilibeba funguo mkononi, nikaziweka mezani kwake kabla hajaniuliza, nikamwambia. Aliuliza tangu lini, nikamwambia. Mimi uso wake siuoni siku hizi, kwa hiyo nilingoja tu. Kwenye kazi ya pini wamenitoa. Ilinichoma, sikufichi, miaka thelathini hakuna aliyenishikia pini. Lakini funguo alizisukuma kuelekea kwangu. Wameniletea binti anayejifunza kazi. Yeye anatazama, mimi nauliza. Siku ya kwanza aliniambia nondo ana miguu "kadhaa". Nilimfikiria mtu mmoja.

Jike wako yuko kabati la tisa, droo ya nne, penye ile nafasi. Kabla binti hajamchoma pini nilimwomba nimguse kwa ncha ya kidole. Kweli ni sufi ya mto wa zamani. Kwenye kibandiko wameuliza nani aliyemwona, nikawatajia majina yako yote matatu, na mahali: juu ya kibanda cha tatu, nyuma ya jiwe kubwa, kichakani. Ulikuwa unafanya nini huko hatukuandika.

Mwambie dada yangu Desemba ninakuja. Dereva amesema atanichukua mlangoni. Sweta imenienea.

Mayai yakianguliwa nataka kujua siku hiyo hiyo. Wana rangi gani, wanakula ganda lao au wanakimbilia jani, vishungi vinaanza lini. Usinichoree. Niambie.

Mjomba wako